MAZOEZI NA MATUMBO YETU



Kila mwaka egzame ya Serikali ikikaribia, sisi wa kalasi ya mwisho tunaacha mupira. Tunakaa juu ya banki tangu asubuhi mpaka usiku, tunakula, tunalala. Nyuma ya siku chache tumbo linajaa, choo kinakuwa kigumu, na kichwa kizito. Hapo tunalaumu maharagi ya internati. Lakini maharagi inasaidia kwenda choo! Mara nyingi kosa ni ya kukaa.

Tuone ginsi matumbo yanavyofanya kazi. Utumbo mwembamba una urefu wa metre 6 hivi, utumbo munene metre 1 na nusu. Yote ina misuli inayojikaza na kujilegeza, sawa vile nyoka anavyosukuma panya aliyemeza. Utumbo munene unanyonya maji. Uchafu ukikawia mule, unakauka. Ndiyo sababu mutu anafunga choo. Lakini akitembea ao akipiga mbio, misuli ile inaamuka, na uchafu unapita upesi.

Tena, ndani ya matumbo mnaishi mikrobe nyingi zinazotusaidia. Katika mwaka wa 2018, wenye elimu wa Univerisiti ya Illinois, Marekani, walitangaza habari ya watu 32 wasiozoea mazoezi. Walifanya mazoezi mara 3 kwa juma, kwa majuma 6. Mikrobe zinazotengeneza chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo ziliongezeka, zaidi kwa wale wasio wanene. Kisha wakaacha majuma 6: faida karibu yote ikapotea. Basi mazoezi ya siku moja haitoshi, inaomba kuendelea. Waganga wanajua pia kwamba watu wa mazoezi hawapati kansa ya utumbo munene sana kama watu wa kukaa tu.

Tufanye nini? Dakika 30 kila siku: mupira, kulima, kuchota maji, yote inahesabika. Tusipige mbio tumbo likijaa. Tunywe maji safi. Choo kikiita, tusikikatalie.

Lakini tusidanganyane: mazoezi haifukuzi minyoo wala amibe. Mutu akiona damu, ao akiumwa sana, aende dispanseri bila haya.

Mwili ni zawadi ya Mungu, tuutunze. Leo saa kumi tutakuwa kiwanjani. Vitabu vitatungojea.