Iulize Modemu Yenyewe

Siku moja kompyuta ya shule yetu ilishindwa kupeleka majina ya watahiniwa, na zilibaki siku mbili tu. Wenzangu walisema, "Modemu imekufa, inunuliwe nyingine." Nilimwomba Mwalimu ruhusa niiulize modemu yenyewe.

Kompyuta yetu hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Katika mfumo huo vyombo vingi huonekana kama faili. Modemu yetu ilikuwa /dev/ttyUSB0. Faili ya namna hii haiweki maandishi kama daftari. Ni kama mlango. Ukiandika humo, maneno huifikia modemu. Ukisoma, wapata jibu lake.

Niliandika AT+CREG? maana yake, "Je, umeandikishwa katika mtandao wa simu?" Jibu huwa na tarakimu mbili, na ya pili ndiyo ya kutazamwa. 0, haikuandikishwa wala haitafuti, 1, imepokelewa nyumbani, 2, ingali inatafuta, 3, imekataliwa, 5, imepokelewa ugenini, yaani katika mtandao wa wengine.

Nikasoma: +CREG: 0,3. Kumbe modemu ilikuwa nzima! Ilibisha hodi, ikakataliwa. Mwalimu alikwenda kwa wenye mtandao, akaambiwa kwamba laini yetu ilikuwa imefungwa. Ilipofunguliwa niliuliza tena: 0,1. Majina yalikwenda siku ile ile.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kutupa chombo, kiulizeni kwanza.