Kompyuta ndogo isiachiwe peke yake kulinda mota ya kinu

VIJANA wenye ujuzi wa kompyuta wanaweza leo kununua kibao cha Arduino na rilei chache katika maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, na kuviunganisha na pampu ya maji au kinu cha kusagia mahindi ili mtambo ujiendeshe.

Ubunifu huo ni wa kusifiwa. Hata hivyo, kuwasha taa ya sebuleni si sawa na kuwasha mota ya fezi tatu inayotumia volti 415. Kosa katika kazi ya pili linaweza kumgharimu msagaji mkono.

Arduino Uno, kibao cha familia iliyobuniwa nchini Italia mwaka wa 2005, hutumia volti 5, na kila pini yake haipaswi kutoa zaidi ya miliampia 20 hivi. Kwa hivyo amri yake hupitia ngazi kadhaa. Chipu huamsha transista, transista huamsha rilei ndogo, nayo rilei hupeleka volti 240 kwenye koili ya kontakta. Kontakta ndiyo swichi kubwa ya sumaku inayopitisha umeme wa mota. Koili ikipata umeme hushika, ikiukosa huachia.

Kuna wanaoruka ngazi ya kontakta kwa kuwa rilei yao imeandikwa ampia 10. Husahau kwamba mota inapoanza kuzunguka huvuta takriban mara sita ya mkondo wake wa kawaida. Vipande vya kugusana ndani ya rilei huungua na kushikamana, na mota haisimami hata chipu ikiiamuru.

Ili kupunguza mkondo huo, mota kubwa huanzishwa kwa mtindo wa nyota na delta, unaohitaji kontakta tatu. Katika nyota, mkondo unaotoka kwenye laini huwa thuluthi moja ya ule wa kuanzia delta moja kwa moja. Baada ya sekunde chache, kontakta ya nyota huachia na ya delta hushika. Zote mbili zikishika pamoja, fezi tatu hugusana na moto huruka. Kwa sababu hiyo, haitoshi kuandika kwenye programu kwamba zisubiriane. Waya wa koili ya delta sharti upitie swichi ndogo ya ubavuni mwa kontakta ya nyota, na wa nyota upitie ile ya delta, ili moja ikishika iikatie nyingine umeme.

Vivyo hivyo, kitufe chekundu cha dharura kisiunganishwe na pini ya chipu pekee. Kikate umeme wa koili chenyewe, kikiwa kwenye waya mmoja na rilei ya joto inayoilinda mota isizidiwe.

Hatari inayosahaulika zaidi ni umeme kupotea na kurudi. Katika kiwashio cha kawaida chenye vitufe viwili, kontakta hujishikilia kupitia swichi yake ya ubavuni. Umeme ukipotea huachia, na haishiki tena hadi mtu abonyeze kitufe cha kijani. Chipu huanza programu yake upya umeme unaporudi, na ikiwa imeandikwa hivyo, huwasha kinu huku msagaji akitoa mahindi yaliyokwama. Mfumo wa vitufe ubaki. Rilei ya chipu iongezwe tu kwenye waya huo kama ruhusa ya ziada.

Aidha, vibao vingi vya rilei hushika pini ikiwa chini. Mtayarishaji akiitangaza pini kuwa ya kutoa kabla ya kuiweka juu, rilei hushika kwa kitambo. Koili ya kontakta nayo, inapoachia, hutoa msukumo wa volti unaoweza kuivuruga chipu. Kapasita na rezista zilizofuatana huwekwa sambamba na koili kuumeza.

Kazi ya volti 415 ni ya fundi aliye na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Jaribio la kwanza lifanywe nyaya za mota zikiwa zimefunguliwa. Kontakta zikiwa zimeshika, chipu ikatiwe umeme wake: sharti ziachie. Kisha chipu irudishwe, na kitufe chekundu kibonyezwe ikiwa bado inatoa amri ya kuwasha: sharti ziachie tena.