Kuinua Mpira wa Wavu: Kazi Huanzia Miguuni

Leo twapenda kusema nanyi juu ya mpira wa wavu, hasa kazi moja ambayo watazamaji wengi hawaiangalii.

Mchezo huu ulianzishwa Marekani mwaka 1895 na William G. Morgan, katika mji wa Holyoke. Kwa kanuni za leo, kila upande una ruhusa ya kuugusa mpira mara tatu, kisha sharti uvuke wavu. Mara ya kwanza hupokewa, ya pili huinuliwa, ya tatu hupigwa. Mpigaji ndiye ashangiliwaye. Lakini mpira ulioinuliwa vibaya, hata hodari hawezi kuupiga vema.

Kuinua ni kuusukuma mpira kwa vidole vya mikono yote miwili, juu ya paji la uso, ili upande na kushuka karibu na wavu, mahali ambapo mwenzako ataurukia. Haifai kuushika wala kuutuliza mikononi, na mikono yote miwili iuguse pamoja. La sivyo mwamuzi atapuliza filimbi.

Sisi tufundishao walimu tulikosea jambo hili kwa muda. Kila tulipoingia kiwanjani tulipaza sauti, "Mikono! Angalieni mikono!" Binti mmoja katika darasa la mazoezi alipigwa na mpira kwenye kidole gumba, kikavimba. Tangu siku ile kila mpira ulipomjia alifumba macho na kurudi nyuma, nasi tukamdhania kuwa mwoga. Baadaye tukaacha kuitazama mikono yake, tukaitazama miguu: ilisimama kama nguzo. Mpira uliposhuka mbele yake hakuufuata, bali aliunyoshea mikono, vidole gumba vikitangulia. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu, maana tulimfundisha mwisho kabla ya mwanzo.

Tangu hapo twafundisha kwa daraja nne.

Kwanza, mpira uwekwe chini. Mtoto aufunike kwa mikono, vidole vimetanuka, vidole gumba vikielekea usoni pake, kisha aunyanyue hivyo hivyo mpaka juu ya paji. Hilo ndilo umbo la mikono.

Pili, mwenzake amrushie mpira taratibu, mara mbele, mara kando. Mtoto akimbilie chini yake, asimame, audake juu ya paji. Mwalimu amwulize, "Ukiondoa mikono, mpira utakuangukia wapi?" Ukiangukia paji, miguu imefika mahali pake. Ukiangukia kifua, miguu imechelewa.

Tatu, badala ya kudaka, asukume. Magoti yaliyokunjwa yanyoke pamoja na viwiko, hata mwili wote uusindikize mpira. Mtoto mdogo asiye na nguvu za mikono atashangaa kuona mpira umepanda.

Nne, watoto watatu wasimame pembe tatu. Apokeaye kutoka kwa mmoja ampelekee mwingine, na ageuze miguu kabla mpira haujamfikia. Mwisho, fungeni kamba kati ya miti miwili. Wavu wa wanaume watu wazima huwa mita 2.43, na wa wanawake mita 2.24, kwa watoto kamba iwe chini zaidi.

Tena angalieni mpira wenyewe. Mpira wa wavu una uzito wa gramu 260 hadi 280, lakini wa kandanda ni gramu 410 hadi 450. Huo wa pili usitumiwe kwa kazi hii, maana utaumiza vidole, na mtoto aliyeumizwa siku ya kwanza huenda asirudi ya pili. Hata ule wa wavu usijazwe upepo kupita kiasi.

Yule binti tulimrudisha kwenye daraja ya kwanza, tukamwomba radhi. Baada ya majuma machache macho yake yalikuwa wazi, na wenzake wakawa wakimwita awainulie mpira. Sasa yeye mwenyewe huwafundisha wadogo, naye huanza na miguu.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi twaongeza kwamba mtaka cha juu naye sharti kwanza akunje magoti.