Hatimiliki si yako? Bado unaweza kupata mtaji

Katika vijiji vingi vya Kwale, mwanamke ndiye anayelima shamba, lakini jina lililo kwenye hatimiliki ni la mume, la baba mkwe au la ukoo. Akienda benki kutafuta mtaji, huulizwa dhamana, na mipango mingi huishia hapo. Hata hivyo, sheria imefungua njia nyingine.

Kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10. Usajili hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Andaeni katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama pamoja na nambari za vitambulisho. Kikundi kilichosajiliwa na chenye akaunti ya benki kinaweza kuomba mkopo wa Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka wa 2007, au wa Hazina ya Uwezo. Hapa wanachama hudhaminiana wenyewe.

Lakini kumbukeni: mmoja akishindwa kulipa, wenzake ndio watakaodaiwa. Chagueni wenzenu kwa jinsi wanavyolipa michango ya chama, wala si kwa ujirani pekee. Ulizeni ada zote kabla ya kutia sahihi.

Mali inayohamishika. Sheria ya mwaka wa 2017 inaruhusu mkopeshaji kupokea mifugo, mashine au mavuno kuwa dhamana. Mwenye mbuzi au cherehani ana pa kuanzia mazungumzo.

Tenda za serikali. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali, ya kitaifa na ya kaunti, imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Biashara husajiliwa katika mpango wa AGPO, na cheti chake hutolewa bila malipo. Anayekuitisha pesa ili akupatie cheti hicho anakudanganya.

Tuna mfano nyumbani. Huko Kibuyuni, kaunti ndogo ya Lunga Lunga, wakulima wa mwani wengi wao ni wanawake. Mwani hufungwa kwenye kamba ndani ya bahari na huvunwa baada ya wiki 6 hivi, bila mkulima kuhitaji shamba lenye hatimiliki. Mwani mkavu ukiuzwa jinsi ulivyo, bei huamuliwa na wanunuzi, nao ni wachache. Ndiyo maana kina mama hao walianza pia kutengeneza sabuni ya mwani.

Funzo hilo linamfaa hata muuza nazi, korosho au maembe: kabla ya kukopa, jua utamuuzia nani na kwa bei gani. Mkopo hulipwa kwa mauzo, na mnunuzi akiwa mmoja, bei huwa yake.