Moukoko na foleni ya namba tisa

Novemba 21, 2020, dakika ya 85, uwanja wa Olympia mjini Berlin. Erling Haaland wa Borussia Dortmund, aliyekwisha kuifunga Hertha mabao manne peke yake, anatolewa. Anayeingia ni Youssoufa Moukoko, aliyetimiza miaka 16 jana yake tu. Bundesliga ilikuwa haijawahi kuona mchezaji mdogo kiasi hicho, na wala asingeruhusiwa kugusa mpira kama ligi isingeshusha umri wa chini mwaka huo huo.

Alizaliwa Yaoundé, Kamerun, akahamia Hamburg mwaka 2014, akaanzia St. Pauli. Borussia Dortmund walimchukua 2016. Msimu wa 2018/19 alipachika mabao 46 katika mechi 25 za ligi ya vijana chini ya miaka 17, yeye akiwa na 13, kisha 14. Minong'ono kuhusu umri wake haikukoma, ingawa Shirikisho la Soka la Ujerumani lilikubali vyeti vyake. Yakaja na mabaya zaidi: Oktoba 2020, katika dabi ya vijana ugenini kwa Schalke, mashabiki walimtukana kwa rangi yake. Dortmund ilishinda 3-2, mabao yote matatu ni yake.

Ni rahisi kusema sifa za utotoni zilimlemaza. Lakini hebu tazama waliosajiliwa na Dortmund katika nafasi yake.

Haaland alipokwenda Manchester City mwaka 2022, nafasi ilikuwa wazi. Dortmund ikamnunua Sébastien Haller. Haller akagundulika kuwa na saratani ya korodani, klabu ikamleta Anthony Modeste, mkongwe wa miaka 34. Modeste hakufua dafu, na hapo ndipo Moukoko alipopata namba: mabao sita ya ligi kabla ya Kombe la Dunia, na tiketi ya Qatar mkononi. Januari 2023 alisaini mkataba hadi 2026. Muda si mrefu akaumia kifundo cha mguu, wakati huohuo Haller, aliyekwisha kupona, akirudi uwanjani. Msimu ule Moukoko aliongeza bao moja tu la ligi.

Kisa cha Muscat kinasema zaidi. Novemba 16, 2022, Ujerumani ilicheza na Oman mjini humo mechi ya kujipima nguvu, na Moukoko alianza kwa mara ya kwanza katika timu ya taifa, siku nne kabla ya kutimiza miaka 18. Siku hiyo hiyo Niclas Füllkrug naye alikuwa mgeni wa jezi hiyo, akiwa na miaka 29. Füllkrug alitokea benchi akafunga bao pekee la mchezo. Wiki moja baadaye Moukoko aliingia dhidi ya Japani dakika za mwisho, Mjerumani mdogo kuliko wote kucheza Kombe la Dunia. Na Agosti 2023, Dortmund walimnunua nani? Füllkrug.

Mwaka uliofuata akaja Serhou Guirassy, na Füllkrug akaondoka. Moukoko akapelekwa Nice kwa mkopo, akafunga mawili katika ule ushindi wa 8-0 dhidi ya Saint-Étienne, kisha benchi likamrudia. Juni 2025 akauzwa FC Copenhagen ya Denmark, na miaka yake 20.

Füllkrug, alipokuwa na umri huo, alikuwa kwa mkopo Greuther Fürth, daraja la pili.