Ngao, Deraya na Chapeo: Kazi ya Mikono Isiyosema Uongo

Kwa desturi, tarehe 6 Mei ya kila mwaka, askari wapya wa Baba Mtakatifu huapa katika uwanja mmoja wa Vatikano. Hao ndio Walinzi Waswisi, ambao kikosi chao kiliundwa mwaka 1506, zamani za Papa Julius II. Siku hiyo huvaa juu ya nguo zao za mistari deraya, yaani vazi la chuma la kufunika kifua, mgongo na mabega, na kichwani huvaa chapeo yenye shada la manyoya. Tarehe yenyewe ni ya ukumbusho. Tarehe 6 Mei 1527 majeshi ya Kaisari Charles V yaliuvamia mji wa Roma, na kati ya Walinzi 189 waliokuwapo, 147 walikufa wakipigana ili Papa Clement VII apate nafasi ya kukimbilia ngome ya Malaika Mtakatifu. Wenzao 42 walimsindikiza, naye akaokoka.

Mtu akizitazama picha za sherehe hiyo hudhani kwamba vyuma vile vyote vimetoka karne ya 16. Sivyo. Vingine ni vya kale kweli, lakini vingine vimefuliwa upya na wahunzi wa siku hizi katika kijiji cha Molln, nchi ya Austria, kwa moto na nyundo, wakifuata umbo la vile vya wazee wao. Tena, tangu mwaka 2019 Walinzi walianza kupewa chapeo za plastiki ngumu, zilizofanywa na mashine ya kompyuta kwa kunakili chapeo ya kale, maana zile za chuma zilikuwa nzito, na juani zilichoma kichwa.

Basi kunakili mavazi ya vita ya kale ni kazi iliyo hai. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako walimu, mafundi, makarani na wanafunzi wanaoifanya saa za mapumziko, pasipo kutafuta mshahara. Wengine hufua wenyewe, wengine hununua na kukusanya. Leo nataka kuwaeleza wasomaji kazi hiyo hufanywaje, na kwa nini naona yafaa ifikiriwe hata hapa kwetu Lusangi, katika pande hizi za Kasongo na Kabambare.

JINSI DERAYA INAVYOFANYWA

Deraya ni za namna nyingi, lakini mbili ndizo zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni ile ya pete. Fundi huchukua waya, akaizungusha juu ya fimbo ya chuma mpaka ikawa kama springi, kisha akaikata, zikatoka pete. Kila pete hupitishwa katika pete nyingine nne, halafu hufungwa kwa koleo. Wahunzi wa kale walizidi hapo: walizibapaza ncha za pete, wakazitoboa, wakazifunga kwa kimsumari kidogo sana, ili pete isifunguke ikipigwa na mkuki. Shati moja la namna hii lahitaji pete 20,000 na zaidi, na uzito wake hukaribia kilo 10. Mtu asiye na subira ataiacha kazi kabla ya kufika begani.

Namna ya pili ni ile ya mabamba. Kwanza fundi hukata mfano wa karatasi na kuujaribu mwilini. Kisha huchora mfano huo juu ya bamba la chuma lenye unene wa milimita 1 au 2, akalikata kwa mkasi wa bati. Halafu huliweka juu ya gogo lililochimbwa kama bakuli, akaligonga kwa nyundo yenye uso wa mviringo, polepole, kutoka ukingoni kwenda katikati, mpaka chuma kikapata tumbo. Chuma kikigongwa sana huwa kigumu na kutaka kupasuka. Hapo fundi hukirudisha motoni mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe chenyewe, kikalainika. Mwisho huyaunganisha mabamba kwa ribiti na mikanda ya ngozi, ili kiwiko kipate kukunjika na goti lipate kupigwa.

Hapo ndipo anayeiga hujifunza jambo ambalo vitabu vingi vimelikosea. Watu wengi wameambiwa kwamba askari wa zamani wa Ulaya, akiisha kuvikwa chuma, hakuweza kuinuka akianguka. Si kweli. Vazi zima la karne ya 15 lilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, nao ulienea mwili mzima. Waliolifua upya wakalivaa wameweza kutembea, kulala chini na kuinuka, hata kupanda farasi. Mikono ya fundi imeisahihisha hadithi ya mwandishi.

Katika kazi hii iko pia sheria moja ya uaminifu. Kitu kilichonakiliwa kisiuzwe kana kwamba ni cha kale. Fundi mwema hutia alama yake na mwaka mahali pa ndani, ili mtu wa kesho asidanganyike. Kunakili ni heshima. Kughushi ni wizi.

WAHUNZI WA NCHI YETU

Msomaji asiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 16, katika ufalme wa Kongo, mfalme Mkristo Afonso I alipigana na ndugu yake kwa ajili ya kiti cha enzi, akashinda. Habari iliyoenezwa na mfalme mwenyewe ni kwamba Mtakatifu Yakobo na wapanda farasi walionekana angani wakiwatisha adui. Kwa hiyo katika ngao ya ufalme wake ikachorwa mikono mitano iliyovikwa chuma, kila mmoja umeshika upanga, na sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 Julai, ikawa sikukuu kubwa ya taifa zima. Nao wahunzi wa Kongo waliziangalia panga za Wareno, wakazifua kwa mikono yao kwa kufuata umbo lake, na panga hizo zikawa alama ya enzi na hukumu ya machifu kwa muda wa karne nyingi. Kumbe kunakili silaha za kale kulikuwa kazi ya Wakongo tangu zamani.

Tuje sasa kwetu Maniema. David Livingstone alipofika Kabambare mwaka 1869, aliwaona watu wa nchi hii wakichukua mikuki mikubwa na ngao za mbao. Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyepita mwaka 1874 akienda Nyangwe, aliandika habari za vijiji vilivyokuwa na nyumba za kuyeyushia chuma na wahunzi wa kukifua. Maana yake ni kwamba Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na majirani zao hawakungoja bati la dukani. Udongo wa kwao uliwapa chuma, misitu iliwapa makaa na mti wa ngao.

Je, kazi hizo ziko wapi leo? Kazi nyingi za mikono ya wazee wa Kongo zimo katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchi ya Ubelgiji. Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliipa serikali yetu orodha ya vitu 84,000 vilivyomo humo. Majadiliano ya kurudisha vitu ni kazi ya wakubwa. Lakini hata vikirudi Kinshasa, mtoto wa Lusangi aliye mbali na Kinshasa hatavigusa. Aweza, hata hivyo, kufanya mfano wake kwa mikono yake mwenyewe, iwapo mzee anayekumbuka umbo lake angali hai. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kungoja.

KINGA YA KWELI NA KINGA YA UONGO

Iko sababu nyingine, nayo naiona kubwa kuliko ya kwanza.

Anayefua deraya hujua inazuia nini, na haizuii nini. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari hodari, lakini mwaka 1521, mjini Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu, na chuma chake hakikumfaa kitu. Kule Omdurman, nchi ya Sudani, mwaka 1898, baadhi ya wakubwa wa jeshi la Khalifa walivaa deraya za pete. Bunduki za mitambo za Waingereza hazikuzijali, na watu walikufa kwa maelfu. Mhunzi mwaminifu hukuambia wazi: Hii itazuia mkuki, haitazuia risasi.

Sasa linganisheni na ile kinga inayouzwa kwa maneno. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji kule Tanganyika, watu waliambiwa kwamba risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Mwaka 1964, Simba walipoteka Kindu na sehemu kubwa ya Maniema, walinyunyiziwa maji ya dawa, nao wakaenda mbele ya bunduki wakitaja jina la Mulele. Tunajua makaburi yalivyojaa. Na katika miaka ya karibuni, makundi yenye silaha yameleta mateso Kabambare, hasa pande za Salamabila na machimbo ya dhahabu ya Namoya. Na wangali wako wanaowafunga vijana hirizi na kuwaambia kwamba sasa miili yao ni chuma.

Kijana aliyekaa miezi mitatu akiunganisha pete, akaliona shati lake limefika kitovuni tu, si rahisi kumdanganya kwa hirizi ya dakika tano. Amekwisha kujua kwa vidole vyake kwamba kulinda mwili wa mwanadamu ni kazi ngumu, na kwamba hata kazi njema kabisa ina mwisho wake.

Mzazi aweza kuuliza: Je, hamtawafundisha watoto kupenda vita? Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni hili. Tusiwafanyishe wanafunzi bunduki za mbao, wala mapanga, wala mikuki yenye makali. Tuwafanyishe vitu vya kujikinga tu: ngao, deraya, chapeo. Mtakatifu Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Waefeso habari za silaha za Mkristo katika sura ya 6 ya waraka wake. Ukizihesabu utaona kwamba karibu zote ni za kujikinga. Wa kupigia ni upanga mmoja tu, nao ni neno la Mungu.

TWAWEZA KUANZA NA NINI?

Shule haihitaji fedha nyingi. Kwa ngao, tafuteni kwanza mzee wa kijiji, mkamwulize mti gani ulitumika, ulikaushwaje, mpini ulifungwaje nyuma. Andikeni maneno yake kwa Kibangubangu, kwa Kizimba au kwa lugha yake yoyote, pamoja na majina ya kila sehemu. Chora umbo, kisha chonga.

Kwa deraya ya pete, anzeni na kitu kidogo: kipande cha upana wa kiganja, kilichofanywa kwa waya laini ya kufungia nondo za ujenzi. Kwa chapeo, jaribuni kwanza kwa karatasi ngumu, ndipo mhunzi wa soko awaonyeshe kugonga bati. Mlipeni mhunzi huyo kwa heshima, maana hapo yeye ni mwalimu.

Yako mambo matatu ya hatari. Bati au waya iliyopakwa zinki isitiwe motoni, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Pipa lililokuwa na petroli au mafuta lisikatwe kwa moto, hata likionekana tupu, maana laweza kulipuka na kuua. Na anayekata waya afunike macho, kwa sababu kipande kidogo huruka kwa nguvu.

Baada ya kupona jeraha lake, Inyasi alipanda mlima wa Montserrat. Huko, mwezi wa Machi 1522, aliuacha upanga wake na kisu chake mbele ya altare ya Bikira Maria, akashuka bila silaha. Wako vijana wengi katika nchi yetu wanaohitaji kuifanya safari hiyo, na sisi walimu na wazazi tuna wajibu wa kuwapa mikononi kitu kingine cha kushika watakaposhuka. Nyundo, koleo na kipande cha mti ni mwanzo mzuri. Naye mwanafunzi atakayeimaliza ngao yake na aitundike ukutani mwa darasa, na chini yake aandike mwaka, jina la mti, na jina la mzee aliyemfundisha.