Neno la Tatu katika Jina la Mmea

Jina la kisayansi la nususpishi hutambulishwa kwa maneno matatu. Mfano ni Arctostaphylos montana ravenii, kichaka kitambaacho ambacho mmea wake mmoja tu wa mwitu umesalia, huko Presidio, San Francisco, Marekani. Neno la kwanza, la jenasi, limeundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya dubu na zabibu. La tatu, kwa kiishio chake cha Kilatini, lamaanisha 'cha Raven', kwa heshima ya mwanabotania Peter Raven. Mwaka 1968 kichaka hiki kiliwekwa chini ya spishi hookeri. Baadaye kikahamishiwa montana. Neno la pili lilibadilika, la tatu likadumu. Kwa neno hilo, asomaye orodha ya mimea iliyohifadhiwa kisheria mwaka 1979 hutambua kuwa kinachozungumzwa ni kichaka kile kile.